Nani Aliyeoka Mkate wa Liyongo?

Hotuba kwa vijana na wazazi, maktaba ya Kaloleni, Nairobi

Wazee wetu mliokubali kuketi na vijana Jumamosi nzima, mama zangu mliofunga vibanda mapema ili mfike, wanafunzi, ndugu zangu wote, hamjambo? Nashukuru kuwaona wengi hivi.

Nimeombwa nizungumzie visasili na mighani ya dunia, yaani hadithi za kale za asili ya mambo na za mashujaa, na jinsi hadithi hizo zinavyoweza kumsaidia mtu kujijenga na kujitegemea. Najua wengi wenu mlikutana nazo darasani. Mlikariri sifa za visasili, mkakariri sifa za mighani, mkaziandika kwenye karatasi ya fasihi, mkapata alama zenu na kufunga kitabu. Sina ugomvi na mtihani. Kinachoniuma ni kwamba mlipewa sifa za hadithi, hadithi zenyewe mkanyimwa. Leo unaweza kumkuta kijana anayetaja umuhimu wa mighani bila kusita, lakini ukimuuliza Fumo Liyongo alitokaje gerezani, anakutazama tu.

Nafasi hiyo haikubaki wazi. Wapo waliokuja kuijaza kwa mafundisho mengine. Unalipa kiingilio, unaketi ukumbini, na msemaji anakuambia: amka saa kumi alfajiri, watupe marafiki wasiokupeleka mbele, usimtegemee mtu yeyote, kila ulicho nacho umejipatia mwenyewe. Vijana wanatoka pale wamechangamka, na baada ya wiki mbili wanarudi kwangu wamevunjika moyo kuliko walivyokuwa, kwa sababu sasa hata umaskini wao wameambiwa ni kosa lao peke yao. Mimi fundisho hilo nalipinga kwa moyo wangu wote. Na silipingi kwa maoni yangu tu. Naleta mashahidi waliosimuliwa kwa mamia ya miaka, wengine kwa zaidi ya miaka elfu tatu.

Shahidi wa kwanza ni wa kwetu. Fumo Liyongo ni wa pwani ya kaskazini, huko Pate na sehemu za mto Tana unapoingilia baharini. Alikuwa mtu mrefu wa kutisha, mpiga mishale hodari, na zaidi ya hayo alikuwa mshairi. Utendi wake tunaousoma leo uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, lakini nyimbo na masimulizi yake ni ya kale mno kuliko hapo. Sultani wa Pate alimwogopa Liyongo, akamtia gerezani, akamfunga pingu na minyororo, akaweka na siku ya kumuua.

Tazameni alivyotoka, na ninaomba msiharakishe. Kila siku mama yake alimpikia chakula kizuri, na kijakazi aitwaye Saada akampelekea. Kila siku walinzi walikinyakua kile kizuri wakala, wakamwachia makombo. Liyongo akaona njia katika dharau ile ile. Akamtungia Saada wimbo, walinzi wakisikiliza na kudhani ni mashairi yake ya kawaida. Ndani ya wimbo mlikuwa na ujumbe: kamwambie mama aoke mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, na katikati yake aifiche tupa, kile kifaa cha kukerezea chuma. Mkate wa wishwa ni chakula gani mbele ya askari aliyezoea kula vya mwenzake? Walipouona wakaucheka, wakamtupia mfungwa. Tupa ikamfikia.

Ila tupa ikikwaruza chuma inasikika. Siku ya kuuawa ilipokaribia, Liyongo aliulizwa anataka nini kabla ya kufa, akasema anataka gungu, ngoma ya pwani. Akawatungia watu wa mji nyimbo, akawafundisha jinsi ya kuitikia na vyombo vya kupiga. Usiku ule mji mzima ulikesha nje ya gereza, matoazi yanalia, watu wanaitikia kwa sauti kubwa. Yeye yuko ndani, anakereza. Ngoma ilipokuwa inakwisha pingu zilikuwa chini.

Sasa nauliza, nani alimwokoa Liyongo? Aliyeoka mkate ni mama. Aliyepita katikati ya walinzi akiwa amebeba kifo chake mwenyewe kapuni ni Saada, na Saada hana utendi unaoitwa kwa jina lake. Walioifunika sauti ya tupa ni watu wa mji, wengine bila hata kujua wanachokifanya. Lakini kile chuma hakuna aliyemkerezea. Mama asingeweza, Saada asingeweza, mji mzima usingeweza. Pale palikuwa pake peke yake, na kama angelala usiku ule, mkate, wimbo na ngoma vyote vingekuwa bure.

Huko ndiko kujitegemea kunakosimuliwa na hadithi za kale, na ndilo neno langu kwenu leo. Mtu anayejitegemea anajua kipande kilicho chake katika kazi, anakifanya hadi mwisho, na anawajua kwa majina waliomletea tupa. Anayesema alijitoa gerezani bila msaada wa yeyote amemsahau Saada. Na anayengoja mama aje kukereza chuma, huyo atauawa asubuhi.

Niwapeleke mbali kidogo sasa, London, katikati ya karne ya 19. Kulikuwa na kijana aliyeitwa George Smith, mtoto wa familia ya wafanyakazi, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 na kutiwa ufundi wa kuchonga bamba za kuchapishia noti. Karibu na kazini kwake palikuwa na jumba la makumbusho la Uingereza, na ndani yake palirundikwa maelfu ya vigae vya udongo vilivyochimbwa Ninawi, karibu na mji wa Mosul katika Iraki ya leo. Vigae hivyo vilitoka katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal, vimejaa mwandiko wenye alama mfano wa kabari ndogo, na watu walioweza kuusoma duniani walikuwa wachache. Smith alitumia saa yake ya chakula cha mchana kwenda kuvitazama. Jioni alisoma vitabu vya wataalamu. Hakuna chuo kilichompa shahada. Alijifunza mwandiko ule mpaka wataalamu wenyewe wakamtambua na jumba likamwajiri. Mwaka 1872, akiunganisha vipande vilivyovunjika, akakutana na habari za gharika, jahazi, na ndege aliyeachiliwa kutafuta nchi kavu. Desemba ya mwaka huo aliisoma habari hiyo mbele ya wasomi wa London, na dunia nzima ikaisikia. Alifariki mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 36, akirudi kutoka safari ya kwenda kutafuta vigae zaidi.

Ninamtaja kwa sababu alisoma hadithi ya kale kwa saa ya mapumziko, na wengi wenu hapa mnafanya kazi ambayo saa yake ya mapumziko hamjui mwaipelekaje. Vilevile ninamtaja kwa sababu jumba lilikuwa wazi kwake. Maktaba ya McMillan hapo katikati ya jiji letu ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma mle hadi mwaka 1958. Babu zenu walioishi mtaa huu wa Kaloleni walikuwa na akili kama ya Smith. Mlango ndio haukuwapo. Leo mlango upo, na kuingia ni juu yenu.

Hadithi aliyoipata Smith ni sehemu ya utendi wa Gilgamesh, mfalme wa Uruk, mji wa kale wa Mesopotamia, yaani Iraki ya leo. Gilgamesh alikuwa na nguvu kupita kiasi, akawaonea watu wake. Miungu ikamwumba Enkidu, mtu wa porini, wa kulingana naye. Wakapigana, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana, wakaenda pamoja kumuua Humbaba mlinzi wa msitu wa mierezi. Kisha Enkidu akaugua na kufa. Gilgamesh, ambaye hakuwahi kuogopa kitu, akaanza kuogopa kifo. Akaiacha enzi yake, akavaa ngozi za wanyama, akazunguka dunia kumtafuta Utnapishtim, mtu aliyenusurika gharika na kupewa, yeye na mkewe, uhai usio na mwisho.

Akamfikia. Utnapishtim akamwambia: unataka kukishinda kifo? Basi anza na usingizi. Usilale siku sita na usiku saba. Gilgamesh akaketi, na papo hapo usingizi ukamchukua. Utnapishtim akamwambia mkewe, huyu akiamka atakana, kwa hiyo oka mkate kila siku uuweke kichwani pake, na utie alama ukutani. Mke akaoka. Siku ya saba wakamgusa, akashtuka, akasema kile kile walichojua atasema: nilikuwa ndiyo kwanza nasinzia, nawe umeniamsha! Akaambiwa, hesabu mikate. Wa kwanza ulikuwa umekauka kabisa. Wa pili umekuwa mgumu mfano wa ngozi. Wa tatu umelowa. Wa nne umegeuka mweupe, wa tano una ukungu, wa sita ni wa karibuni, na wa saba ulikuwa bado uko juu ya makaa.

Mimi katika hadithi zote nilizosoma sijaona kioo kikali kuliko mikate hiyo. Mwanamke yule hakumtukana mgeni wala hakumhubiria. Aliweka ushahidi, mkate baada ya mkate, akautazama ukioza. Sisi nasi tunasema "nimejaribu sana", tunasema "muda sina", na tunaamini tunachosema, kwa kuwa aliyelala hajui kwamba amelala.

Tulipoisoma sehemu hiyo katika kundi letu la kusoma, kijana mmoja mwendesha boda boda alikaa kimya, hakuchangia neno. Alipofika nyumbani alianza kuandika ukutani kwa chaki, kila jioni: alichopata, alichotumia, na saa alizokaa steji akingoja abiria. Mwisho wa mwezi aliutazama ule ukuta. Mapato hayakumshangaza, alishayajua. Kilichomshangaza ni saa. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri hakuwa na abiria wa maana, na saa hizo zilikuwa zikienda kwa mazungumzo na simu. Hakuacha boda boda. Alimwendea fundi wa pikipiki anayemjua, akaomba kushinda naye saa hizo bila malipo, amshikie spana na kuosha vyuma. Sasa pikipiki yake anaifungua mwenyewe, na za wenzake pia wanamletea. Hilo limetokana na mikate iliyookwa Mesopotamia, na mnaweza kumuuliza mwenyewe, yumo humu.

Gilgamesh mwishowe alikosa alichotafuta. Alipewa habari za mmea wa kurudisha ujana, akazama majini akaupata, halafu alipokuwa akioga kwenye kisima nyoka akaja akaubeba. Alilia. Kisha akarudi Uruk pamoja na msafirisha jahazi Urshanabi, na walipofika akamwambia: panda juu ya ukuta wa mji, utembee, ukague misingi yake na matofali yake. Utendi unakomea karibu na hapo. Aliyetaka kuishi milele amerudi kuonyesha matofali, na mimi naona ndipo alipokuwa mtu mzima.

Nitoke Iraki niende Mali. Sundiata Keita alikuwa mtu wa kweli, mwasisi wa dola ya Mali katika karne ya 13, lakini maisha yake tunayapata katika vinywa vya magwiji wa masimulizi wanaoitwa griot, nao kila mmoja ana namna yake. Katika masimulizi yanayojulikana sana, Sundiata alifika miaka saba bila kutembea. Alitambaa. Mama yake, Sogolon, alikuwa mwanamke wa kuchekwa kwa sura yake, na sasa akachekwa kwa mtoto. Siku moja alikosa majani ya mbuyu ya kutia kwenye mchuzi, akaenda kumwomba mke mwenzake, Sassouma. Sassouma akampa, na pamoja na majani akampa maneno: mwanangu mimi alipofika miaka saba alikuwa ananichumia majani mwenyewe. Sogolon akarudi analia.

Mtoto akamuuliza, unataka majani tu, au unataka mbuyu mzima? Akaagiza aletewe fimbo ya chuma kutoka kwa wahunzi. Ilikuwapo tayari, nzito, ilifuliwa zamani na watu wakashangaa ni ya nani. Sundiata akaishika kwa mikono miwili, magoti yakainuka, akasimama. Fimbo ilikuwa imepinda ikawa upinde. Kisha akatembea, akaung'oa mbuyu, akaja kuutupa mlangoni pa mama yake. Kuanzia siku hiyo wanawake wa mji waliofuata majani walifuata kwa Sogolon.

Ninawajua akina mama humu ndani waliokwenda kuomba na kurudi na maneno. Unga wa kukopa, karo ya kukopa, na jirani anayekuuliza kwa tabasamu kama yule wako wa kidato cha nne bado yuko nyumbani. Na ninawajua vijana wanaosikia hayo wakiwa wamejifunika blanketi saa tano asubuhi. Sitawadanganya kwamba mtu husimama kwa siku moja. Hadithi haidai hivyo pia, ukiisoma vizuri. Ile miaka saba Sundiata alikuwa chini, lakini hakuwa bure. Baba yake kabla ya kufa alimpa griot wake mwenyewe, Balla Fasséké, awe anamfundisha historia ya watu wake na mambo ya utawala. Kwa hiyo alikuwa anasikiliza. Na fimbo hakuitengeneza yeye, ilifuliwa na wahunzi. Mnaona tena? Mhunzi alitoa chuma, baba alitoa mwalimu, mama alitoa sababu. Magoti yalikuwa ya kijana.

Nije kwenye hadithi inayonisumbua, ambayo wengine mtanipinga, na nitafurahi mkinipinga. Iko katika Mahabharata, utendi mkubwa wa kale wa India. Kwa jirani zetu Wahindu wa jiji hili hayo ni maandiko matakatifu yenye uhai, kwa hiyo naitaja kwa heshima. Ekalavya alikuwa kijana wa watu wa msituni. Alimwendea Drona, mwalimu mkuu wa upinde aliyewafundisha wana wa wafalme, akakataliwa. Hakurudi nyumbani. Aliingia msituni, akafinyanga sanamu ya Drona kwa udongo, akaisalimu kila siku na kufanya mazoezi mbele yake mpaka akawa bingwa. Siku moja mbwa alimbwekea, akampiga mishale saba mdomoni upesi upesi, mbwa akanyamaza bila kudhurika. Wana wa wafalme wakaona, wakauliza amefundishwa na nani. Akajibu, na Drona. Ndipo Drona akaja kudai ada ya mwalimu, na ada aliyoitaka ni kidole gumba cha mkono wa kulia, kwa sababu alishamwahidi mwanafunzi wake Arjuna, mmoja wa wana wale wa wafalme, kwamba hapatakuwa na mpiga upinde wa kumzidi. Ekalavya akakikata akampa.

Wapo wanaomsifu kwa utiifu wake, na wana sababu zao za kina. Mimi kila ninapofika hapo nasikia uchungu. Kijana amejifundisha mwenyewe, na aliyemfungia mlango ndiye anayekuja kuchukua kidole anachofanyia kazi. Vijana wangu mliojifunza kushona kwa kutazama simu, mliojifunza kompyuta kwa mashine ya kuazima, mtakutana na watu wa namna hiyo. Mwajiri atakayetaka kushikilia vyeti vyako halisi ili usiondoke. Tajiri atakayetaka michoro yako ije kwa jina lake. Mtu atakayekukumbusha kwamba umekulia mtaa huu na hustahili kuuliza malipo. Ekalavya alikuwa na kila kitu cha kujitegemea isipokuwa kimoja: hakujua kwamba heshima kwa mwalimu ina mpaka. Someni hadithi yake wakati wa amani, mjadiliane, ili siku hiyo ikifika uwe umeshalifikiria jibu lako.

Nguvu nayo ina mahali inapovujia. Wajaluo wanasimulia habari za Lwanda Magere, shujaa wa nchi tambarare za Kano, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ya maadui haikumwingia. Maadui wakamwoza binti yao. Alipougua akamwambia mke yule achanje kivuli chake apake dawa, na kivuli kikatoka damu. Siri ikafika kwao, na vitani wakakichoma kivuli. Hata Liyongo aliuawa hivyo: mwanawe mwenyewe alirubuniwa na sultani, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Mara nyingi hadithi ya Magere inafundishwa kwa kijana wa kiume ili asimwamini mwanamke. Hilo nalikataa. Lile la Liyongo alilifanya mwana wa kiume, na hakuna anayehubiri kwamba baba asimwamini mwanawe. Ninachokiona mimi ni mwanamume asiyekuwa na mtu hata mmoja aliyejua kivuli chake tangu zamani, rafiki wa kumwambia naumwa hapa. Magere mtu mzima, maarufu, na siku ya ugonjwa hana wa kumweleza isipokuwa mgeni aliyeletwa na maadui.

Katika mitaa yetu kivuli hicho mara nyingi ni kamari ya simu. Mwanamume ana nguvu, ana kazi, anaheshimika kanisani au msikitini, na mshahara wote unaishia kwenye mechi za Ulaya usiku wa manane. Mkewe hajui. Chama hakijui. Anayejua ni mwenye kumkopesha. Ukiwa na kivuli cha namna hiyo, mtafute mtu mmoja wa haki umwambie kabla hakijagunduliwa na anayekutakia mabaya. Hapo nimenena na wanaume hasa.

Wazazi wengine waliniuliza mlangoni kama kusoma habari za miungu ya watu wengine hakutawavuruga watoto. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mtoto aliyeshika imani yake hatikiswi na Gilgamesh, na mara nyingi hurudi kwenye maandiko yake mwenyewe na kuyasoma kwa makini zaidi, akiuliza maswali aliyokuwa hajawahi kuuliza. Ninachowaomba walezi ni kusoma pamoja nao. Pia nawaomba msiniletee ile tabia ya kusema hadithi zote za dunia ni moja. Wapo wasomi wakubwa walioipenda kauli hiyo. Mimi naona faida iko katika tofauti. Kwa nini Liyongo anatoka kwa wimbo, na Gilgamesh anafundishwa kwa mkate? Kwa nini Wagĩkũyũ wanaanza na Gĩkũyũ na Mũmbi chini ya mti wa mũkũrwe huko Mũrang'a, na binti zao ndio wanaobeba koo? Ukiuliza hivyo, na ukoo wako unaanza kuujua.

Namna ya kusoma ni rahisi kuieleza, kuifanya ndiyo kazi. Soma hadithi nzima, achana na mihtasari ya kurasa mbili. Isome kwa sauti kama unaweza, maana ziliundwa kwa ajili ya sikio. Halafu tafuta mahali panapokuudhi. Ukimkasirikia Drona, au ukimwonea aibu Gilgamesh, au ukimpita Saada bila kumwona, simama hapo hapo uandike kwa nini. Hadithi inayokupendeza inakubembeleza. Ile inayokuudhi ndiyo yenye jambo nawe.

Jumamosi ijayo tutaanza saa nne kamili na utendi wa Liyongo, beti kwa beti, na mzee mmoja mwenyeji wa Lamu anayeishi huku Eastlands amekubali kuja kutusaidia na Kiamu chake, lahaja ya Lamu, kwa sababu lugha ile si nyepesi. Kila mtu aje na hadithi moja kutoka kwa mkubwa wa kwao, kwa lugha yoyote, ameirekodi kwenye simu. Andikeni jina la msimulizi, pahali alipozaliwa, na yeye alisimuliwa na nani. Msimsahihishe akisimulia tofauti na mlivyosoma. Hiyo tofauti ndiyo tunayoitaka. Wenye wazee mashambani, pigeni simu baada ya saa moja jioni, wakishaingia ndani, na mjaze salio la kutosha maana hawakatishwi. Vitabu vya kuazima viko kwenye meza ya nyuma, na daftari la kujiandikisha liko hapo hapo.

Sasa nasikiliza maswali. Tuanze na mama aliyeinua mkono pale karibu na dirisha.